Nchi Iliyokatwa kwa Bikari

Mwananchi aingiapo katika ofisi ya Serikali, iwe ya wilaya au ya kata, jicho lake hupita juu ya ramani iliyobandikwa ukutani kama lipitavyo juu ya kalenda ya mwaka jana. Huiona, lakini haisomi. Ajua kwamba ile ni sura ya nchi, na hilo lamtosha. Mengine huwaachia wapima ardhi na waalimu wa jiografia. Desturi hiyo yaonekana kuwa haina madhara, walakini madhara yake ni makubwa. Ramani si pambo la ukuta. Ramani ni hati, kama ulivyo mkataba wa kazi, na kila hati ina aliyeiandika, ina aliyeitia sahihi, na ina mtu atakayelipa gharama yake.

Leo twapenda kulieleza jambo hili kwa mfano wa nchi moja ndogo ya pwani, iliyo upande wa pili wa bara letu, nayo ni Gambia. Ndugu wengi wanalijua jina lake, na pengine jina la mji wake mkuu, Banjul, basi. Lakini ni nchi chache katika Afrika zionyeshazo wazi kama Gambia jambo linalotokea kalamu inapotangulia mguu, yaani mpaka unapochorwa kabla ya nchi kutembelewa na kabla ya wenyeji kuulizwa.

SURA YA NCHI

Tukiviacha visiwa, Gambia ndiyo nchi ndogo kuliko zote katika bara la Afrika. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 11,300. Tanzania yaweza kuimeza mara themanini na nafasi ikabaki. Kutoka Bahari ya Atlantiki upande wa magharibi hata ncha yake ya mashariki ni kiasi cha kilomita 330, lakini upana wake hauzidi kilomita 50 hivi, na sehemu kubwa ya bara yake ina upana wa kilomita ishirini na kitu tu. Pande zake tatu zimezungukwa na nchi moja, Senegal. Upande wa nne ni bahari, ufuko wa kilomita 80 hivi.

Katikati ya utepe huo hupita Mto Gambia. Mto huu huanzia katika milima ya Futa Jallon, nchini Guinea, hukata pembe ya Senegal, kisha huingia Gambia na kuipitia yote mpaka baharini. Urefu wake wote ni kilomita 1,100 na zaidi. Sisi tumezoea mto kuwa mpaka, kama ulivyo Ruvuma baina yetu na Msumbiji. Kwao mambo ni kinyume: mto ndio nchi yenyewe, na mpaka uko huko mashambani, katikati ya karanga na mtama, mahali pasipo na kilima wala korongo wala alama yo yote ambayo jicho la mwanadamu laweza kuitambua.

Tuchukue ramani ya kipimo cha 1:50,000, ambacho ndicho kipimo cha kawaida cha ramani zionyeshazo sura ya nchi. Katika ramani ya namna hiyo, sentimita mbili juu ya karatasi ni kilomita moja ardhini. Tukizitandika sakafuni karatasi zote za Gambia na kuziunganisha, tutapata mkeka wenye urefu wa mita sita na nusu hivi, uliojipinda kama nyoka, na upana wake katika sehemu nyingi ni chini ya hatua moja ya mtu mzima. Mtoto aweza kuuruka. Lakini mtu akitaka kuusoma kutoka kichwa hata mkia, itambidi apige magoti na kutambaa.

MANOWARI NA MZINGA

Ipo hadithi inayosimuliwa sana juu ya mpaka huu. Yasemwa kwamba manowari ya Kiingereza ilipanda mto huku ikipiga mizinga kulia na kushoto, na kwamba kila mahali risasi ya mzinga ilipoangukia, hapo ndipo mpaka ulipowekwa. Hadithi hii hupendwa na wageni kwa sababu yachekesha, na kwa sababu umbo la nchi kwenye ramani lafanana nayo: mistari miwili yapinda pamoja na mto, huku na huku, kana kwamba imechorwa na mtu aliyesimama juu ya sitaha ya meli.

Hadithi hiyo si kweli, na ukweli ni mbaya kuliko hadithi. Mzinga, hata ungekuwa wa dhuluma, ungalilazimika kufika mahali penyewe. Ungalisikika. Mwenye shamba angalitoka nyumbani mwake akauona moshi, akajua kuwa kuna jambo linalotendeka juu ya ardhi yake. Mpaka wa Gambia haukupigwa mzinga. Uliandikwa mjini Paris, tarehe 10 Agosti, 1889, baina ya wajumbe wa Uingereza na wajumbe wa Ufaransa, na hakuna mkulima hata mmoja wa Kimandinka, wala wa Kiwolofu, wala wa Kifula, wala wa Kijola aliyesikia kishindo cho chote.

Mapatano yenyewe ni mafupi na ya baridi. Karibu na bahari, mpaka wafuata mistari iliyonyoka ya latitudo: kaskazini kuanzia hori ya Jinnak, na kusini kuanzia mto mdogo wa San Pedro. Halafu, mto unapoanza kujipinda, mpaka wapinda nao, ukiwa mbali nao kwa kilomita kumi kila upande, mpaka mahali paitwapo Yarbutenda. Hapo nchi yafungwa kwa tao, yaani kwa kipande cha duara ambacho nusu kipenyo chake ni kilomita kumi. Ndugu aliyesoma hesabu shuleni atakitambua chombo kilichofanya kazi hiyo. Ni bikari, ile yenye sindano upande mmoja na penseli upande wa pili. Katika ramani ya 1:50,000, kilomita kumi ni sentimita ishirini, yaani shubiri moja ya mkono. Kwa shubiri hiyo watu waligawanywa, mmoja akawa raia wa himaya hii, na nduguye wa himaya ile.

Kwa nini kilomita kumi? Waingereza walitaka mto, maana meli zao za biashara zilipanda juu kuchukua karanga, na mji wao wa Bathurst, ambao tangu 1973 unaitwa Banjul, ulikuwa umejengwa mdomoni mwa mto tangu 1816. Wafaransa walitaka nchi iliyobaki. Katika miaka ya 1860 na 1870 serikali hizo mbili zilikuwa hata zimefikiria kubadilishana, Gambia itolewe kwa Ufaransa na Uingereza ipewe mahali pengine, kama watu wawili sokoni wanavyobadilishana mbuzi kwa gunia la mtama. Mapatano ya 1889 yalikuwa ndiyo mwisho wa kubembelezana huko: mmoja alipewa maji, mwingine akapewa nchi kavu. Kwamba maji na nchi kavu vilikuwa ni uchumi mmoja wa watu wale wale, hilo halikuwekwa mezani.

WALIOULIZA KWA MKUKI

Wenyeji walipata habari pale tu wapima walipokuja. Tume ya mpaka ilifika mwaka 1891 na vyombo vyake, na Fode Kaba, kiongozi wa Kiislamu aliyekuwa na nguvu kusini ya mto, akaipinga. Majeshi yakatumwa, akasukumwa upande wa Wafaransa. Mwaka 1900, katika kijiji cha Sankandi, ukatokea ugomvi na kijiji jirani cha Jattaba juu ya mashamba ya mpunga. Maofisa wawili wa Kiingereza walikwenda kuamua. Wakauawa pamoja na baadhi ya watu waliofuatana nao, na miongoni mwao alikuwamo chifu wa Kiafrika. Mwaka uliofuata kijiji kiliadhibiwa kwa jeshi, na Fode Kaba akauawa katika ngome yake na Wafaransa.

Twalitaja jambo la Sankandi kwa sababu moja. Kwa mkoloni lilikuwa ni uasi, na hivyo ndivyo lilivyoandikwa. Lakini mwanzo wake ulikuwa ni mashamba ya mpunga. Mashamba yale hayakuonekana katika ramani yo yote, kwa kuwa ramani ya wakati ule ilikuwa na mto, na mstari, na nafasi nyeupe. Nafasi nyeupe katika ramani haina maana kwamba hapana kitu. Maana yake ni kwamba mchoraji hakuuliza.

GHARAMA YA MSTARI

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Mpaka nao huelea juu ya karatasi kwa wepesi, lakini mzigo wake hubebwa na watu wa vizazi vingi. Gambia ilipata uhuru tarehe 18 Februari, 1965, nayo ikaurithi ule utepe kama ulivyo. Senegal ilikwisha kupata uhuru wake mwaka 1960, nayo ikairithi nchi ambayo mkoa wake wa kusini, Casamance, umetengwa na mji mkuu, Dakar, kwa kipande hicho cha nchi nyingine. Lugha za nyumbani ni zile zile pande zote mbili. Lugha ya ofisi huku ni Kiingereza, kule ni Kifaransa. Sarafu huku ni dalasi, kule ni faranga ya CFA.

Msafiri wa kutoka Dakar kwenda Ziguinchor, mji mkubwa wa Casamance, ana njia tatu. Ya kwanza ni kuikata Gambia, na kwa miaka mingi maana yake ilikuwa ni kungojea pantoni kuvuka mto, na malori yaliweza kulala foleni siku nyingi, shehena ikioza. Ya pili ni kuizunguka Gambia yote upande wa mashariki, kupitia Tambacounda, safari ya mamia ya kilomita za ziada. Ya tatu ni baharini. Usiku wa tarehe 26 Septemba, 2002, meli ya Le Joola, iliyokuwa ikitoka Ziguinchor kwenda Dakar, ilipinduka katika dhoruba nje ya pwani ya Gambia. Ilikuwa imejengwa kuchukua watu wasiofika mia sita. Waliokufa walizidi 1,800: wanafunzi waliokuwa wakirudi masomoni, wafanya biashara wanawake pamoja na maembe yao na mafuta yao ya mawese, askari, na watoto. Waliookoka hawakufika sabini.

Tusiseme uongo hata kwa nia njema: mpaka haukuizamisha meli ile. Ilizamishwa na tufani, na wingi wa watu, na uzembe wa waliopaswa kuiangalia. Lakini mtu mwenye haki aweza kuuliza kwa nini watu wengi namna ile walijazana ndani ya chombo kimoja ili wafike katika mji mkuu wa nchi yao wenyewe. Sehemu ya jibu la swali hilo imo katika karatasi ya Paris.

Juhudi za kuutibu mstari huu zilifanywa, nazo yafaa zijulikane. Mwaka 1982 Gambia na Senegal ziliunda Shirikisho la Senegambia, lakini likavunjika mwaka 1989, maana nchi hizo hazikuelewana juu ya kasi ya kuunganisha forodha na uchumi. Mwaka 1978 palianzishwa shirika la kuutumia Mto Gambia kwa pamoja, nalo sasa lina nchi nne: Gambia, Senegal, Guinea na Guinea-Bissau. Mwaka 2016, Serikali ya Gambia ilipopandisha mno ada ya malori, madereva wa Senegal walifunga njia kwa miezi mipatayo mitatu, na wenye kuumia wakawa ni wachuuzi na mafundi wa pande zote mbili. Hatimaye, Januari 2019, lilifunguliwa daraja karibu na Farafenni, na dereva wa lori sasa huvuka kwa dakika chache mahali alipokuwa akilala. Ilichukua miaka 130 kuvuka kwa daraja lile lililotengwa kwa bikari alasiri moja.

PICHA KUTOKA ANGANI

Sasa tuiangalie ramani ya namna nyingine, ambayo haikuchorwa ili kugawana bali ili kujua. Mwaka 1946, vita vikuu vilipokwisha, Uingereza iliunda Idara ya Upimaji wa Makoloni chini ya Brigedia Martin Hotine. Kikosi namba 82 cha Jeshi la Anga la Uingereza kilirushwa juu ya makoloni ya Afrika ya Magharibi, na baadaye juu ya Afrika ya Mashariki, kikipiga picha kwa mistari iliyonyoka, kila picha ikiila sehemu ya mwenzake. Hapa ndipo Gambia na Tanganyika zinapokutana: karatasi za 1:50,000 za nchi zetu zilitoka katika idara moja, na kwa kazi ya namna moja.

Kazi hiyo hufanywa hivi. Picha mbili za mahali pamoja, zilizopigwa kutoka pembe mbili, huwekwa chini ya chombo chenye miwani miwili. Jicho la kulia huona moja, la kushoto huona nyingine, na akili huviunganisha, ardhi ikainuka kama sanamu, mti ukawa mti na kilima kikawa kilima. Mpimaji aliyekwenda kwa miguu huwa amekwisha kupima alama kadhaa ardhini, na kutokana na hizo mchoraji huchora kontua, yaani mstari unaounganisha mahali pote penye kimo kimoja juu ya usawa wa bahari. Kontua zikibanana, huo ni mteremko mkali. Zikiachana, hiyo ni tambarare. Wapagazi na wafyekaji njia waliobeba vyombo na kusimamisha nguzo walikuwa ni Waafrika, ingawa majina yao hayakuandikwa pembezoni mwa karatasi.

Je, serikali ya kikoloni iliisoma kazi hiyo kabla ya kutenda? Hapa pia historia yetu na ya Gambia ni ndugu. Mwishoni mwa 1946, baada ya uchunguzi wa majuma tisa tu, London iliamua kulima karanga Tanganyika kwa matrekta, na kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947. Udongo ulikuwa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, na mvua hazikufuata barua za wizara. Mwaka 1951 mpango ulizikwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikafutwa vitabuni. Gambia nayo, mwaka 1948, iliamuliwa huko huko kwamba pale Yundum patafugwa kuku wa kuipatia Uingereza mamilioni ya mayai kila mwaka. Udongo haukutoa chakula cha kuku kama ilivyotazamiwa, ugonjwa ukawaua kuku, na mwaka 1951 mpango huo pia ukafungwa kwa hasara ya pauni zaidi ya laki nane. Mkulima wa Kigogo alijua mvua za Kongwa. Mkulima wa Kombo alijua mchanga wa Yundum. Walikuwapo, na hawakuulizwa.

NUSU MITA YA UDONGO

Gambia ni nchi tambarare kupita kiasi. Hakuna mahali ndani yake panapofika hata mita 70 juu ya bahari. Vilima vya Pugu, hapa nje ya Dar es Salaam, vyaipita kwa mbali. Kwa hiyo ramani ambayo kontua zake hupishana kwa mita 20 ingemwonyesha mtu mistari michache, na bonde lote la mto lingekuwa jeupe, kana kwamba ni mahali pamoja. Lakini mwulize mwanamke wa Kimandinka alimaye mpunga, naye atakuonyesha nchi tatu ndani ya weupe huo.

Kwanza kuna mikoko kando ya mto, ambako maji hupanda na kushuka. Nyuma yake kuna tambarare ambazo hufunikwa na maji wakati wa masika na kukauka kiangazi. Wamandinka huziita banto faro, na katika mabonde haya wanawake hulima mpunga. Juu zaidi, penye mchanga ulioinuka, ndipo vilipo vijiji, na mashamba ya karanga na mtama, ambayo kwa desturi ni kazi ya wanaume. Tofauti ya kimo baina ya shamba zuri la mpunga na shamba lililokufa yaweza kuwa nusu mita, urefu wa mkono kutoka kiwiko hata ncha ya kidole. Tofauti hiyo haionekani kwenye karatasi ya 1:50,000, lakini ndiyo inayoamua kama nyumba itakula au itanunua.

Adui ni chumvi. Mto ni tambarare sana hata kujaa na kupwa kwa bahari huhisiwa katika urefu wake wote ndani ya Gambia. Wakati wa mvua maji baridi kutoka Futa Jallon huisukuma chumvi kuelekea baharini. Kiangazi kikija, nguvu ya mto hupungua na chumvi hupanda juu zaidi ya kilomita 200. Mvua zikipungua, kama zilivyopungua sana katika miaka ya 1970 na 1980, chumvi hupanda mapema na kuondoka kwa kuchelewa, na jaruba za mpunga hugeuka kuwa chane zisizoota hata jani. Watu wa delta ya Rufiji hawahitaji kuelezwa zaidi.

Palikuwa na shauri la kujenga daraja lenye boma la kuizuia chumvi, mahali paitwapo Balingho. Kwenye ramani kubwa shauri hilo lilipendeza: mstari mmoja kukata mto, upande mmoja maji ya chumvi, upande wa pili maji matamu. Lakini wataalamu walipoupima udongo, walionya kwamba mikoko ya juu ya boma ingekufa, na kwamba udongo wake ukikauka ungetoa tindikali na kuharibu mashamba yale yale yaliyokusudiwa kuokolewa. Boma halikujengwa. Safari hii kupima kulitangulia kutenda, na hasara kubwa ikaepukwa.

Jambo la mwisho ni bahari yenyewe. Banjul umejengwa juu ya kisiwa cha mchanga kilicho chini mno. Umo humo mtaa uitwao Half Die, maana yake Nusu Walikufa, na yasimuliwa kwamba jina hilo lilitokana na kipindupindu cha mwaka 1869, maana maji machafu katika mji ule hayana mteremko wa kuyaondoa. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Gambia walikadiria kwamba bahari ikipanda mita moja, kilomita za mraba zipatazo 92 zitafunikwa, na mji mkuu ukiwamo. Na bahari inapanda. Wengi wa watu wamekwisha kuhamia ardhi ya juu kidogo ya Kombo, kwenye Serekunda na Brikama. Hao wameisoma kontua kwa miguu yao.

SOMO LETU

Mtu aweza kusema: haya ni ya Wagambia, sisi nchi yetu ni kubwa na ina milima. Asisahau kwamba mpaka wetu wa kaskazini nao ulichorwa kwa rula mwaka 1886, kutoka mdomo wa mto Umba kwenda Ziwa Viktoria, ukipinda mahali pamoja ili kuuzunguka Kilimanjaro, nao ukawakata Wamasai vipande viwili. Mwaka 1964, viongozi wa Afrika walipokutana Cairo, alikuwa ni Mwalimu Nyerere aliyependekeza kwamba kila nchi iiheshimu mipaka iliyoikuta siku ya uhuru. Hakupendekeza hivyo kwa kuwa mipaka ile ilikuwa ya haki. Alijua kwamba kuichora upya kungemwaga damu, na kwamba dawa yake ni umoja utakaoifanya mistari ile ipungue uzito. Daraja la Farafenni ni sehemu ya dawa hiyo.

Lakini iko mistari mingine ambayo bado yachorwa, tena karibu na nyumbani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji, nayo yawajibika kwa Mkutano Mkuu wa wanakijiji. Siku itakuja, kama haijafika, ambapo mtu atakunjua ramani mbele ya mkutano huo na kuonyesha kwa kidole: hapa malisho, hapa msitu, hapa mwekezaji, hapa barabara. Katika siku hiyo mwanachama aliyezoea kuitazama ramani kama kalenda ya mwaka jana atapiga makofi pamoja na wenzake, kisha atarudi nyumbani akakute kigingi katikati ya mihogo yake.

Basi ayajue maswali yake mapema. Ramani hii ilichorwa na nani, na kwa kazi gani? Ilipimwa mwaka gani, na je, mto ungali unapita pale pale? Kipimo chake ni nini, na shubiri moja hapa ni hatua ngapi kule shambani? Kontua zake zapishana kwa mita ngapi, na maji ya masika husimama wapi? Na swali lililo kubwa kuliko yote: katika ile nafasi nyeupe, kuna nani? Haihitaji shahada ya chuo kikuu kuyauliza hayo. Yahitaji mtu asimame na kusogea mezani. Mwalimu wa shule ya kijiji aweza kuufundisha mkutano mzima kusoma kontua kwa jioni mbili, kwa chaki na rundo la mchanga. Na wazee, pamoja na akina mama wajuao kila jaruba kwa jina, wasimame kando yake, ili karatasi isahihishwe na ardhi, wala si ardhi isahihishwe na karatasi.

Watu wa Gambia waliletewa nchi yao ikiwa imekwisha kukatwa, nao wameishi ndani ya shubiri ile kwa uvumilivu, wakaijua nusu mita kwa nusu mita. Sisi bado twapata nafasi ya kuuliza kabla bikari haijazunguka. Tusimwachie mwingine nafasi hiyo.